Gari Lenye Mwenyewe

Mnunuzi wa pikapu ya dizeli iliyotumika huanza na mita. Anachungulia dirishani, anasoma kilomita, anaguna au anatabasamu, kisha ndipo anaomba boneti ifunguliwe. Mimi mita naisoma mwisho. Nimekulia kwenye siti ya katikati ya Hilux ya baba, na baadaye sehemu kubwa ya ajira yangu nimeitumia kusimamia magari ya mradi wa maji mkoani Iringa. Kwa yote niliyoyaona, pikapu iliyotembea kilomita 400,000 mikononi mwa mtu mmoja anayeijua naichukua mbele ya ile ya kilomita 120,000 ambayo ufunguo wake ulikuwa unaning'inia ukutani, akauchukua yeyote mwenye safari. Watu husifu injini fulani kwamba haifi, kana kwamba umri wa gari ulikwisha kupangwa kiwandani. Sijawahi kuona injini isiyokufa. Nimeona magari yenye mwenyewe na magari ya wote, na tofauti ya umri wao ni kubwa.

Sisemi kwamba kiwanda hakina sehemu yake. Injini ya dizeli haina plagi ya kuchoma mafuta. Inavuta hewa na kuibana mpaka hewa yenyewe inapata moto wa kuwasha mafuta yanaponyunyizwa ndani. Ya petroli hubana hewa kama mara kumi hivi. Ile 1HZ ya Toyota, injini ya silinda sita na lita 4.2 iliyoanza mwaka 1990 na kufungwa kwenye Land Cruiser za kazi, huibana zaidi ya mara 22. Kitu kinachopigwa kwa nguvu hiyo lazima kiwe kizito, ndiyo maana bloki yake ni chuma cha kusubu na hedi yake vilevile, na ukijaribu kuibeba hedi hiyo peke yako utaiweka chini haraka. Haina tabo. Pampu yake inazungushwa na injini yenyewe, inasukuma dizeli kwenye nozo kupitia mirija ya chuma, basi. Nguvu zake ni kama za farasi 130, kiasi ambacho leo injini ndogo zaidi inakipita bila shida. Ujazo ni mkubwa, nguvu ni za kiasi, mzunguko ni wa polepole. Chuma hakifiki kwenye kikomo chake hata gari likiwa limejaa mabomba.

Lakini nimekuwa na 1HZ mbili za umri mmoja, zenye namba za usajili zinazofuatana, na moja ilikufa nyingine ikaendelea. Nitafika huko.

Baba yangu alikuwa mfanyabiashara wa vitunguu. Hilux yake ilikuwa ya kebini moja, injini ya 3L, lita 2.8, nayo haina tabo. Alinunua mzigo Ruaha Mbuyuni, kwenye joto la bondeni, na kuupandisha Iringa mjini kupitia Kitonga. Anayeijua barabara hiyo hahitaji maelezo. Umejaza, jua limewaka, na lami inaanza kujikunja na kupanda ukuta wa milima. Malori yanatambaa mbele yako, huwezi kuyapita, na hewa inayoingia kwenye rejeta yako imeshapashwa moto na lori lililo mbele. Pembeni mwa zile kona hakukukosekana gari lililofunguliwa boneti, mvuke unatoka, utingo ana dumu la maji mkononi.

Hilo dumu ndilo lililomkera baba kuliko kitu chochote barabarani. Injini ikichemsha, hedi na bloki vimetanuka. Ukimwaga maji ya baridi kwa pupa, upande mmoja wa chuma unasinyaa na upande wa pili bado uko moto; hedi inapinda au inapasuka kati ya vali. Gari linaweza kuwaka na kuondoka, mwenye gari akamshukuru Mungu, kumbe gasketi imeshaachia. Wiki kadhaa baadaye anachomoa kijiti cha oili anakuta oili imegeuka rangi ya chai ya maziwa, maana maji yameingia. Hapo injini inafunguliwa, hedi inapelekwa kuskimiwa, na kama boliti zimekazwa kwa kubahatisha bila kipimo, injini hiyo haiwi ile tena.

Yeye alikuwa na namna yake. Kabla ya kupanda alisimama chini ya mlima, akatafuta kivuli, akaangalia maji kwenye chupa ya akiba na mkanda wa feni, akatoa nyasi na wadudu waliokwama kwenye mapezi ya rejeta. Gia namba mbili aliiingiza mapema, kabla gari halijaanza kulemewa, kwa sababu gia kubwa kwenye mwendo mdogo huifanya injini isukume mzigo wote huku feni na pampu ya maji vikizunguka polepole. Macho yake yalikuwa kwenye mshale wa temperecha. Ukivuka katikati, alifungua hita ya ndani kwa moto wote na kasi yote. Hita ni rejeta ndogo iliyo chini ya dashibodi. Inapitiwa na maji yale yale ya injini na inayapunguzia joto. Vioo vimeshushwa, tunatota jasho, mimi nalalamika, naye anasema, "Vumilia, mama. Jasho letu ni bei rahisi kuliko hedi." Mshale ukigoma kushuka alitafuta pa kuegesha, akaiacha injini ingurume juu kidogo ya kawaida ili maji yaendelee kuzunguka, na kifuniko cha rejeta hakukigusa mpaka mpira wa juu ulipokubali kubonyezwa kwa vidole.

Gari lile lilitusomesha wote nyumbani. Hedi yake haikuwahi kufunguliwa kwa sababu ya kuchemsha.

Kuna jambo nililolirithi kwake ambalo mpaka leo linanigombanisha na gereji: themostati. Magari mengi ya dizeli yaliyopita mikono mingi huku kwetu nimeyakuta yameng'olewa themostati. Fundi anakueleza kwamba nchi yetu ni ya joto, kifaa hicho ni cha Ulaya, kinazuia maji. Iringa mwezi wa Juni asubuhi tunavaa makoti, lakini tuache hilo. Kazi ya themostati ni kufunga njia ya rejeta mpaka injini ipate joto lake la kazi, nyuzi themanini na kitu, kisha kuifungua. Injini ya dizeli isiyofika joto hilo haichomi mafuta yote. Masizi yanajikusanya, dizeli mbichi inateremka kando ya pistoni na kuchanganyika na oili, ringi na kuta za silinda zinalika. Tena kwenye injini nyingi themostati ikifunguka huziba njia ya mkato ambayo maji huitumia kuzunguka bila kupitia rejeta. Ukiing'oa, njia hiyo inabaki wazi saa zote, sehemu ya maji inazunguka ndani kwa ndani, na gari linachemsha mlimani, ugonjwa ule ule uliokuwa unakimbiwa. Magari yote ya mradi nilirudishia themostati. Likitoka gereji nawasha mwenyewe, nangoja dakika chache, nashika mpira wa chini wa rejeta. Ukiwa bado wa baridi huku mshale unapanda, najua kifaa kipo.

Sasa zile 1HZ mbili. Zilikuwa Land Cruiser pikapu, nyeupe, zenye mkonga wa kuvutia hewa, za kubeba mabomba, saruji na mafundi kwenda vijiji vya Kilolo na Mufindi. Moja alikabidhiwa dereva mzee aliyekuwa kazini tangu mimi nikiwa shule ya msingi. Nyingine ikawa ya wote: ufunguo kwa karani, mwenye safari anasaini, anaondoka.

Kila asubuhi nilimwamkia yule mzee shikamoo, anajibu marahaba, na kabla ya habari za nyumbani ananipa habari za gari. Siku moja akaniambia, "Dada, hili gari limeanza kunywa maji. Si mengi, glasi kwa wiki. Lakini lilikuwa halinywi." Jioni akalaza kadibodi safi chini ya injini. Asubuhi kulikuwa na tone moja. Chini ya pampu ya maji kuna tundu dogo lililowekwa makusudi: sili ya ndani ikichoka maji hutokea pale, ili uone kabla beringi haijaharibika. Alitumbukiza mkono, akapapasa, akanionyesha kidole chenye ukoko mkavu wa kulanti. Pampu ilibadilishwa na gari likarudi kazini siku ile ile.

Kwenye pikapu ya pili pampu ilichoka karibu wakati huo huo, kama inavyotarajiwa kwa vyuma vya umri mmoja vilivyofanya kazi moja. Dereva wa kwanza aliona maji yamepungua akaongeza lita moja. Wa pili akaongeza lita moja. Wa tatu naye, wa nne naye. Kila mmoja alifanya alichotakiwa kufanya. Hakuna aliyejua kwamba gari limeshakunywa lita nne, maana kitabu cha gari kilikuwa na nafasi ya kilomita, lita za dizeli na sahihi ya mkuu wa idara, na hakikuwa na mstari wa maji. Beringi ikaachia wakati wa kurudi kutoka Kilolo, feni ikakwaruza rejeta, na dereva aliyekuwa na abiria wa kuwahi basi mjini akaendelea kuendesha kwa matumaini ya kufika. Hedi ikapinda. Ikaskimiwa. Miezi baadaye ikapasuka, na gari likaenda mnadani likiwa na kilomita pungufu ya nusu ya zile ambazo mwenzake alikuja kuzitembea.

Nimelitafakari jambo hilo kuliko kitabu chochote cha ufundi nilichosoma. Chuma kilikuwa kimoja, dizeli ilitoka kituo kimoja, barabara zile zile, fundi yule yule. Kilichopungua kwenye gari la pili ni kumbukumbu. Dizeli haifi ghafla. Inatoa dalili ndogo ambazo maana yake inapatikana kwa kuzilinganisha na jana tu: kuwaka kumechelewa sekunde mbili, moshi mweupe wa asubuhi umeongezeka, klachi inashika juu zaidi, kuna harufu ya dizeli ukizima. Anayeliendesha leo kwa mara ya kwanza hana jana ya kulinganishia. Anadhani ndivyo lilivyo.

Kwa hiyo tulipoanza kununua magari mengine, wakati wenzangu wanabishana kuhusu aina, mimi nilikuwa napigania dereva. Kila pikapu iwe na mtu wake, ufunguo ulale kwake, akienda likizo anayempokea akabidhiwe kwa maandishi. Kitabu kikaongezwa mistari mitatu: maji yaliyoongezwa, oili iliyoongezwa, na maji yaliyotolewa kwenye filta ya dizeli. Wakubwa walisema ni gharama, maana gari likikosa safari dereva anakaa bure. Niliwajibu kwamba siku hiyo ndiyo anayolala chini ya gari na kukagua bushi, mirija ya breki na boliti za springi, kazi ambayo hakuna mtu mwingine atakayeifanya. Walikubali shingo upande. Hoja iliyowashinda ni bei ya injini moja nzima niliyoiweka mezani kando ya mshahara.

Mstari wa filta unahitaji maelezo. Chini ya filta ya dizeli kuna nafasi ya maji kutua, kwa kuwa maji ni mazito kuliko dizeli, na chini kabisa kuna skrubu ya kuyatolea. Unailegeza, unabonyeza pampu ndogo ya mkono iliyo juu ya filta, unakinga. Yule mzee alikinga kwenye chupa tupu ya maji ya kunywa, akaiacha itulie juu ya ukuta. Baada ya muda unaona juu dizeli safi ya njano, chini maji yamejikusanya, ukiinamisha chupa yanakimbilia kona bila kuchanganyika, na katikati yao utando mweusi. Utando huo una uhai: ni vijidudu vinavyoota mahali maji na dizeli vinapokutana, na ndivyo vinavyoziba filta kabla ya wakati wake. Chupa hizo tulizipanga kwenye dirisha la stoo, kila moja ina kipande cha karatasi kinachotaja kituo mafuta yalikonunuliwa. Baada ya msimu mmoja wa mvua ubishi wa kituo gani tujaze uliisha wenyewe. Kwa ujumla vituo vinavyouza mafuta mengi kila siku, ambako dizeli haikai chini ikikusanya maji, vilikuwa na chupa safi zaidi. Mafuta ya madumu ya kijijini tuliyaacha kwa dharura tupu, na hata hapo yalichujwa kwanza.

Maji yalikuwa adui mmoja. Wa pili alikuwa mafuta ya taa. Kwa miaka mingi bei yake ilikuwa chini ya dizeli na kuchakachua kulilipa. EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji nchini, walianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 ili yaliyochanganywa yatambulike, na bajeti ya mwaka 2011 ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili faida ya mchezo huo ife. Kenya ilifika huko mwaka 2018 kwa tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa. Hatua hizi zilizungumzwa kama habari za kodi na za wanyonge wanaotumia kibatari, na kwa mwenye kibatari zilikuwa za maumivu kweli. Kwa mwenye injini zilikuwa suala la uhai. Dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa inawaka, gari linatembea, hakuna anayeshtuka. Ubaya uko kwenye ulainishaji: pampu ya dizeli na nozo hazina oili yake, zinalainishwa na dizeli inayopita ndani. Mafuta ya taa ni makavu. Chuma kinasagana na chuma taratibu, mpaka siku gari linapogoma kuwaka injini ikiwa imepata moto.

Pampu ya zamani huvumilia hilo kwa muda mrefu. Nozo za 1HZ hufunguka kwa presha ya takriban baa 150. Kwenye injini za komoni reli, dizeli inasubiri ndani ya bomba moja kwa presha inayofika baa 1,600, na kwenye mpya zaidi inavuka 2,000, halafu injekta hufungua na kufunga zaidi ya mara moja katika mpigo mmoja kwa amri ya kompyuta. Nafasi zilizo ndani ya injekta hupimwa kwa mikroni, yaani sehemu za elfu za milimita. Kwa presha hiyo vumbi lililotoka kwenye dumu linakata chuma. Injekta isipofunga sawasawa inadondosha dizeli wakati usio wake, na moto wake unaweza kutoboa pistoni. Mwenye gari anasikia injini inagonga, anauliza, anajibiwa kwamba dizeli ndivyo zinavyolia. Tulipoteza injini moja ya kisasa kwa jibu hilo, na dizeli iliyoanzisha yote ilitoka kwenye pipa.

Kwa sababu ya visa vya namna hiyo nimewasikia watu wazima wakiapa kwamba pikapu yenye kompyuta hawatainunua maisha yao. Sikubaliani nao. Injini mpya za Hilux zilizokuja mwaka 2015, za lita 2.4 na 2.8, zina cheni ndani badala ya taiming belti, na belti ni kitu kilichoziua injini nyingi nzuri za zamani: inakatika, vali zinagongana na pistoni, injini imekwisha kwa sababu ya kipande cha mpira kilichopaswa kubadilishwa kwenye kilomita 100,000. Mlimani, pikapu mpya yenye tabo inapanda na mzigo bila kuhangaika, inalipita lori mahali palipo salama, na inakula mafuta machache kuliko ile lita 4.2. Dizeli nayo imebadilika. Januari 2015 kiwango cha Afrika Mashariki kilianza kutaka salfa isizidi sehemu 50 kwa milioni. Ninachosema ni kwamba injini ya zamani ilikupa miaka ya kupuuza kabla ya kukuadhibu, na hii mpya haikupi. Filta yake haibadilishwi siku mtu atakapopata nafasi. Sisi tunabadilisha kila kilomita 10,000, na moja ya akiba inakaa nyuma ya siti ikiwa kwenye boksi lake.

Tabo ina sharti lake pia. Inazunguka kwa kasi kubwa mno, inapozwa na oili ya injini. Ukimaliza kupanda Kitonga ukasimama kununua mahindi na kuzima papo hapo, oili iliyobaki kwenye shafti yake inaungua na kuwa masizi magumu. Dakika mbili za kungurumisha injini gari likiwa limesimama zinatosha. Wanaoagiza pikapu zilizotumika Uingereza wana la ziada, kichujio cha masizi kwenye bomba la moshi, ambacho kinahitaji safari ndefu ya moto ili kijisafishe. Ukiendesha gari hilo sokoni na nyumbani tu kitaziba.

Dakika mbili nimesema, maana kuna wanaofanya saa mbili. Huu ndio uharibifu unaoniudhi kuliko wote kwa sababu hauonekani kwenye mita. Mkutano unaendelea kijijini, bosi yuko ndani au amekaa kwenye gari anapiga simu, kiyoyozi kinafanya kazi, injini inanguruma. Hakuna kilomita inayoongezeka. Lakini pistoni zinapanda na kushuka, oili inachakaa, na kwa kuwa injini haina mzigo haipati joto la kutosha, silinda zinajipaka masizi na ringi zinaanza kunata. Kuna pikapu nilizozikataa mnadani zenye kilomita chache za kuvutia, usukani wake umelainika kwa kushikwa na kanyagio la klachi limekwisha meno. Trekta na jenereta hupimwa kwa saa. Pikapu ya ofisini nayo ingepimwa hivyo.

Kwenye mzigo nitasema kidogo, kwa kuwa kila mtu anajua na kila mtu anazidisha. Pikapu nyingi zimetengenezwa kwa tani moja au karibu na hapo. Gunia la lumbesa, lililojazwa kupita kipimo, ambalo sheria ya vipimo inalikataza kwa ajili ya mkulima, linamuumiza na mwenye gari, kwa kuwa huwezi kuhesabu uzito kwa idadi ya magunia. Watu huongeza springi nyuma wakidhani wameongeza uwezo. Wameongeza ugumu tu. Uzito unahamia kwenye chesisi, na ufa unaanza nyuma kidogo ya kebini, chini, mahali ambapo tope huuficha. Baba aliosha chini ya gari kila Jumapili baada ya kanisa, na macho yake yalianzia hapo.

Vumbi nalo lina kipimo rahisi. Toa mpira unaotoka kwenye eakilina kwenda kwenye injini, pitisha kidole ndani. Kidole kikitoka na wekundu wa barabara, ama filta imepasuka kwa kugongwa kwenye tairi, kama wafanyavyo wengi, ama klipu imelegea. Vumbi la huku lina mchanga ndani yake na mchanga unamaliza ringi. Mkonga husaidia kwa kuvuta hewa ya juu, lakini nimeona mikonga mizuri iliyofungwa kwenye mpira uliopasuka chini ya boneti.

Mradi sasa una pikapu nyingi za komoni reli. Yule mzee amestaafu. Akipita ofisini bado anaanza na gari, habari za nyumbani baadaye. Fundi wetu ni binti aliyesoma VETA, ana kifaa cha kuchomeka chini ya usukani, na kila huduma, injini ikiwa imepata moto, anasoma marekebisho ambayo kompyuta inampa kila silinda ili injini itulie. Injekta nzima husoma karibu na sifuri. Inayochoka huanza kujitenga na wenzake mapema, kabla ya moshi na kabla ya kugonga. Namba hizo anaziandika kwenye kitabu kile kile, chini ya mstari wa maji, ili mwezi ujao awe na cha kulinganishia.

Kwenye gari moja namba ya silinda ya tatu imekuwa ikipanda huduma baada ya huduma. Dereva wake, ambaye hakuna mwingine anayeligusa gari hilo, alikuwa ameshamwambia kabla hajachomeka kifaa: "Fundi, asubuhi linatetemeka kidogo halafu linatulia." Injekta imeagizwa Dar es Salaam. Duka lenyewe, lililoko eneo la Gerezani, limetakiwa litume picha ya boksi na namba ya kifaa kabla hatujatuma fedha, na mpaka ifike, gari hilo halipandi Kitonga na mzigo.